Kununua Nissan Leaf iliyotembea sana na isiyo na rekodi ya sevisi: betri ipimwe kwenye Luku na mlimani

Gari la petroli lisilo na rekodi ya sevisi hujieleza. Unachomoa kijiti cha oili, unasikiliza injini ikiwa ya baridi, unaangalia moshi. Gari la umeme halikupi hata kimoja kati ya hivyo. Litawaka kimya, litaondoka kwa nguvu, na likiwa limejazwa chaji litazunguka Mwanjelwa na Soweto za Mbeya siku nzima bila kuonyesha kwamba betri imebaki na nusu ya uwezo wake. Betri hiyo ndiyo sehemu kubwa ya thamani ya gari. Bei ipatanwe kwa hali ya betri. Rangi, viti na rimu vije baadaye.

Anayenunua Mbeya, Iringa au Njombe ana bahati ya pekee. Leaf haina mfumo wa maji wa kupooza betri, hivyo adui yake mkubwa ni joto, na hewa ya huku ni rafiki kwa betri kuliko ya Dar es Salaam. Pia tuna milima. Betri ni mkusanyiko wa seli nyingi, na seli iliyochoka inaweza kujificha kwenye barabara tambarare, lakini kwenye mpando mrefu, chaji ikiwa chini, haijifichi.

Kwanza jua ni Leaf ipi

Soma namba ya chesisi. Ikianza na ZE0 ni toleo la kwanza, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010, lenye betri ya kWh 24. AZE0 ilifuata mwishoni mwa 2012, na inaweza kuwa ya kWh 24 au, kuanzia mwishoni mwa 2015, kWh 30. ZE1 ni umbo jipya la 2017 lenye kWh 40, na baadaye 62. (kWh moja ndiyo uniti moja ya Luku, kwa hiyo hesabu zote hapa chini zitakuwa za uniti.)

Kama namba imefutika au unaitilia shaka, fungua buti. ZE0 ina nundu kubwa nyuma ya viti kwa sababu chaja yake imekaa hapo. Kwenye AZE0 chaja ilihamishiwa mbele, chini ya boneti, na buti likawa na nafasi zaidi.

Ipo pia Leaf NISMO, toleo la kimichezo lililotoka Japani 2018 juu ya ZE1: springi ngumu, rimu za inchi 18 na tairi 225/45. Ina mvuto, lakini tairi nyembamba kiasi hicho kwenye rasta na mashimo yetu hupasuka ubavuni na kupinda rimu. Ukiipenda, zungusha kila gurudumu likiwa juu ya jeki na uangalie kama rimu inayumba.

Vijiti 12 vya dashibodi, na namna vinavyodanganya

Upande wa kulia wa dashibodi kuna safu mbili. Vijiti vikubwa ni chaji iliyopo sasa. Vijiti vidogo pembeni yake, 12 gari likiwa jipya, ni uwezo uliobaki wa betri. Kijiti cha kwanza kinapotea betri ikishuka hadi asilimia 85 hivi, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6. Kwa hiyo vijiti 9 si robo tatu kama macho yanavyokuambia: ni kati ya asilimia 66 na 72. Vijiti 8 ni 60 hadi 66.

Tatizo ni kwamba hesabu ya vijiti iko kwenye kompyuta ya betri, na kompyuta hiyo inaweza kufutwa. Baada ya kufutwa inaonyesha vijiti 12 kama gari limetoka kiwandani, kisha wiki kadhaa za kuendesha na kuchaji zinaishusha tena kimoja kimoja, wakati pesa yako imeshaondoka. Gari la 2012 lenye kilomita 130,000 na vijiti 12 lisikufurahishe. Likutie wasiwasi.

Kifaa cha kusomea

Nunua kisomeo cha OBD2 (soketi ya kusomea kompyuta ya gari) cha Bluetooth aina ya ELM327 na uweke kwenye simu programu ya LeafSpy, inayosoma betri ya Leaf. Soketi iko chini ya stelingi, juu ya pedali. Vile vya bei ya chini kabisa mara nyingi vinagoma, hivyo kijaribu kwenye Leaf nyingine kabla ya siku ya kwenda kuangalia gari. Washa gari mpaka taa ya kijani ya READY iwake, unganisha, kisha soma haya:

- SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia.
- Ah, yaani ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba. Betri mpya ya kWh 24 husoma karibu 65, ya kWh 30 karibu 80, ya kWh 40 karibu 115. Gari kuukuu lililobaki palepale kwenye namba ya upya limefutwa kumbukumbu.
- Idadi ya chaji za haraka (QC) na za kawaida (L1/L2).
- Tofauti kati ya seli ya juu kabisa na ya chini kabisa, kwa milivolti. Betri ya kWh 24 ina jozi 96 za seli zilizofuatana. Moja ikichoka, 95 zilizobaki zinasimama pamoja nayo.

Idadi ya chaji inakusaidia kupima kama mita ya kilomita imerudishwa nyuma. Gawanya kilomita kwa jumla ya chaji. Mtu wa kawaida anatembea kama kilomita 25 hadi 60 kati ya chaji moja na nyingine. Ukipata gari la kilomita 45,000 lenye chaji 4,000, ni kilomita 11 kwa kila chaji. Inawezekana kama mwenyewe alikuwa anachomeka kila anapoegesha, lakini angalia mpira wa pedali, ngozi ya stelingi na ukingo wa kiti cha dereva kabla hujaamini. Kisha omba cheti cha Kijapani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje, ambacho kina kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa kule. Muuzaji aliyeagiza gari mwenyewe anapaswa kuwa nacho, hata kama rekodi ya sevisi hana.

Kipimo cha Luku

Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vyote, kwa sababu hakuna anayeweza kukifuta kwa kompyuta. Kinahitaji usiku mmoja na ridhaa ya muuzaji. Anayekataa kabisa, hata ukimwachia hela ya umeme, amekuambia jambo kuhusu betri yake.

Endesha gari mpaka chaji ibaki asilimia 10. Liegeshe kwenye nyumba ambayo unaweza kuzima vitu vingine vyote: friji, taa, hita ya maji, pasi. Andika uniti zilizobaki kwenye Luku. Chomeka gari, liache lijae mpaka lijikate lenyewe, kisha andika uniti tena.

Tuseme zimetumika uniti 14.4. Njiani kati ya soketi na betri sehemu inapotea kama joto kwenye chaja. Chukua kwamba asilimia 85 imefika. 14.4 mara 0.85 ni 12.2. Hiyo ni kutoka asilimia 10 hadi 100, kwa hiyo gawanya kwa 0.9: unapata 13.6. Betri ya kWh 24 ikiwa mpya hutoa uniti kama 21 za kutumika. 13.6 kwa 21 ni asilimia 65. Hilo ni gari la vijiti 8 au 9, hata kama dashibodi inaonyesha 12.

Kwa chaja ya ampea 10 inayochota kilowati 2.3, zoezi hili linachukua zaidi ya saa sita, na mwishoni linapunguza kasi. Usilikatize kwenye asilimia 95, maana hesabu yote inaharibika. Usiku wa Juni au Julai betri ya baridi hupokea kidogo pungufu, hivyo tofauti ya asilimia tatu au nne isikutishe.

Usiku huohuo umeshajua pia kama chaja ya gari inafanya kazi. Gari linalokataa kuchaji, au linaloanza kisha linajikata, lina hitilafu ya chaja au ya kinga ya umeme, na matengenezo yake si ya gereji ya mtaani. Likikataa, jaribu kwanza nyumba nyingine yenye ethi ya uhakika, kwa sababu waya wa chaji hugoma nyumba isipokuwa na ethi, na hapo kosa si la gari.

Mlimani

Sasa seli dhaifu. Betri inaweza kuwa na SOH ya kuridhisha kwa jumla huku jozi moja au mbili zikiwa zimekufa nusu. Ili zijitokeze unahitaji mambo mawili kwa pamoja: chaji ndogo na mzigo mkubwa.

Lipeleke gari kwenye mpando likiwa na chaji ya asilimia 25 hadi 30. Iringa mpando wa kutoka Ipogolo kwenda mjini unatosha. Mbeya tumia kutoka Mbalizi kupanda Iwambi, au barabara ya Chunya. Njia kuu ya TANZAM ina malori mazito, kwa hiyo nenda asubuhi mapema, washa taa za hatari ukipoteza kasi, na mwenzako ashike simu, dereva asiiangalie. Watu wawili au watatu ndani ya gari ni mzigo mzuri wa kipimo.

Gari likiwa limesimama kwenye chaji ya katikati, tofauti ya seli ya milivolti 20 hadi 30 ni nzuri. Ukikanyaga mpandoni tofauti itapanuka, na hilo ni kawaida. Unachotafuta ni nguzo moja au mbili kwenye mchoro wa LeafSpy zinazozama peke yake, milivolti 100, 150, 200 na zaidi chini ya wenzake, kisha zinarudi ukiachia pedali. Hizo ndizo zitakazoleta kobe: taa ya manjano yenye umbo la kobe, gari linanyang'anywa nguvu na kutambaa. Kwa kawaida kobe hutokea chaji ikiwa imekwisha kabisa. Akitokea kwenye asilimia 20 mlimani, asilimia 20 hiyo haipo.

Je, seli dhaifu zinabadilishwa? Ndiyo. Betri ya kWh 24 ina moduli 48, na moduli zilizotumika zinauzwa. Lakini betri nzima ina uzito wa karibu kilo 300, inashushwa chini ya gari, ina volti 360 zinazoua, na moduli mpya lazima zilingane uwezo na zilizobaki. Tafuta fundi wa kweli wa kazi hiyo, uulize gharama yake na gharama ya kulisafirisha gari hadi kwake, *kabla* ya kulipa. Kisha toa gharama hiyo kwenye bei. Kama fundi hukumpata, gari lenye nguzo inayozama liache.

Ukishuka mlima uleule, weka gia kwenye B au D na uachie pedali. Mota inapaswa kurudisha umeme na kuvuta gari nyuma. Kumbuka betri iliyojaa haipokei kitu, hivyo usishangae kama huoni kurudisha ukiwa na asilimia 100.

Chini na pembeni

Sehemu zilizobaki ni chache. Mota yenyewe ni ngumu na mara chache inasumbua.

Pandisha gari upige tochi kwenye sanduku la betri. Mikwaruzo ya matuta ni kitu cha kawaida. Bonde lililobonyea ndani, boliti zilizofunguliwa au silikoni mpya vinahitaji maelezo. Tazama kutu. Gari lililokulia kaskazini mwa Japani linakuwa na betri nzuri kwa sababu ya baridi, lakini chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji imekula boliti, mabomba ya breki na mkono wa chini wa mbele. Usiweke jeki chini ya betri. Sehemu za kujekia ziko pembeni, kwenye ukingo wa bodi.

Breki huharibika kwa kutotumika. Mota inafanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, hivyo disiki zinashika kutu na pini za kalipa zinaganda. Baada ya kuendesha kilomita tano bila kukanyaga breki kwa nguvu, sogeza kiganja karibu na kila rimu: moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, kalipa imeshika. Oili ya breki badilisha mara moja bila kuuliza, kwa sababu inafyonza unyevu na hakuna anayejua ni ya mwaka gani. Oili ya gia haizidi lita moja na nusu. Badilisha pia, kwa oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari.

Mlio wa "tik" mmoja ukitoka R kwenda D mara nyingi ni meno ya ekseli kwenye habu yaliyokauka grisi. Ni kazi ndogo. Mngurumo unaopanda na mwendo na kubadilika ukikata kona ni beringi ya gurudumu. Bushi, stabilaiza na shokapu zikaguliwe kama za gari lolote la tani moja na nusu.

Betri ndogo ya volti 12 usiidharau. Ikichoka, gari linawasha taa za hitilafu kama mti wa Krismasi na kukataa READY, na wauzaji wengine wanaogopa hadi kushusha bei bila sababu. Pima: gari likiwa limezimwa muda mrefu iwe volti 12.4 au zaidi, likiwa READY iwe kati ya 13 na 14.4.

Waya za rangi ya chungwa zisiguswe na fundi wa kawaida, wala asichomelee chochote karibu nazo. Gari likivutwa, magurudumu ya mbele yawe juu au gari lote lipakiwe, kwa sababu mota huzunguka pamoja na magurudumu hayo.

Umbali: hesabu ya huku

Leaf inayoendeshwa kwa utulivu hupata kilomita 6 hadi 7 kwa uniti. Lile gari letu la uniti 13.6 litakupa kama kilomita 88 tambarare, na ukibakiza akiba ya kutosha hesabu 70. Kisha ongeza milima: gari lenye watu wanne linakula karibu nusu uniti kwa kila mita 100 za kupanda. Kutoka Kyela hadi Tukuyu ni kama mita 1,000, yaani uniti tano na ushee, asilimia 40 ya betri hiyo kabla hujahesabu hata kilomita moja. Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilomita 70. Gari hilo si la safari hizo, isipokuwa una pa kuchaji usiku kucha huko uendako. Kwa Uyole, Mbalizi na mizunguko ya mjini linafaa kabisa, na ndilo matumizi yake.

Asubuhi za Juni hadi Agosti hita hula chaji vibaya, hasa ya ZE0, inayopasha maji kwa umeme na kuchota kilowati kadhaa inapoanza. Joto la kiti na la stelingi linatumia kidogo sana. Kwa Makete, Njombe au Mbeya, hakikisha viti vinapata joto. Ni kifaa kinachokuongezea kilomita.

Nyumbani kwako

Uliza kama waya wa kuchajia upo. Mengi huuzwa bila. Ule wa Kijapani una plagi isiyoingia kwenye soketi zetu, na kuikata ili kufunga ya pini tatu ni njia ya kuchoma nyumba. Nunua wa Type 1 (aina ya plagi inayoingia kwenye Leaf ya Japani) uliotengenezwa kwa volti 230, unaoweza kupunguzwa hadi ampea 8 au 10. Wa ampea 32 ni hasara, kwa sababu chaja ya ndani ya Leaf nyingi za Japani inaishia karibu kilowati 3.

Soketi ya pini tatu iwe mpya, peke yake, isipite kwenye ekstensheni, na isizidi ampea 10 kwa usiku mzima. Ikiwa unajenga laini maalumu, tumia waya wa milimita 4, sakiti breka ya ampea 20, kinga ya kuvuja umeme ya milliampea 30, na ethi iliyopimwa. Saa moja baada ya kuanza, gusa plagi. Ikiwa ya moto hata kidogo, punguza ampea. Kwenye msimu wa radi, Novemba hadi Aprili, chomoa mvua inapokaribia.

Na kama nyumba yako iko kwenye tarifu ya D1, ile ya uniti 75 kwa mwezi, gari litakutoa humo. Uniti 14 kwa chaji moja, mara mbili kwa wiki, ni zaidi ya 110 kwa mwezi. Kwenye T1, tarifu ya kawaida, ambako shilingi 10,000 hutoa uniti kama 28, chaji moja inakugharimu shilingi 5,000 na kitu. Weka hesabu ya nyumba nzima kwa bei hiyo.

Karatasi

Namba ya chesisi kwenye kadi ifanane na ile ya kwenye bodi, na aina ya nishati isomeke umeme. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Kama ni la mtu mwingine, huyo mtu awepo na kitambulisho chake. Angalia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari. Kwenye mkataba wa mauziano andika kilomita, SOH, Ah na uniti zilizopimwa kwenye Luku pamoja na tarehe, wote wawili mtie sahihi, na piga picha ya skrini ya LeafSpy yenye namba ya chesisi. Siku utakapouza wewe, rekodi itakuwa imeshaanza.